Kamba anakatwa jicho ili atage?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko chuo, juzi tulikuwa field kwenye kituo kimoja cha kutotolesha kambamiti, nikaona dada mmoja kamtoa kamba jike kwenye tenki, kamminya jicho moja kwa vidole, kamrudisha majini kama hajafanya kitu. Nikauliza, naambiwa ndo atage. Jicho na mayai wapi na wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, mimi mara ya kwanza kuona tumbo lilinisokota. Ila jicho lenyewe halina kosa, linaponzwa na jirani. Ndani ya kile kikonyo kinachobeba jicho kuna seli za neva zinatengeneza homoni, na mojawapo kazi yake ni kuzuia ovari zisikomae, yaani breki kabisa. Baharini kamba anaiachia mwenyewe mambo yakimkalia sawa, ila ukimfungia kwenye tenki anaikanyaga tu, anakula, ananenepa, mayai hakuna. Huko Ufaransa 1943 jamaa anaitwa Panouse alikata vikonyo vya kamba akaona ovari zinakua nje ya msimu, wafugaji baadaye wakadakia hapohapo.

Wanatoa moja kwasababu breki inatakiwa ilegee sio ife, ukitoa yote mawili anaogelea ovyo na wengi wanakufa. Na si kila jike anafaa. Aliyetoka kujivua gamba bado laini utamuua bure, anayekaribia kujivua naye muache, maana kambamiti jike hupandwa gamba likiwa laini halafu mbegu za dume anazitunza kwenye kifuko katikati ya miguu, sasa akijivua tena kabla hajataga mbegu zinaondoka na gamba, unabaki na mayai viza.

Mkirudi pale nenda usiku na tochi. Mmulike mgongoni, siku chache baada ya jicho kutoka utaona mstari wa kijani kilichoiva, ndiyo ovari hiyo, ukishatanuka kama kashata kwenye pingili ya kwanza ya mkia ujue kutaga ni muda wowote, na hapo ni mayai laki kadhaa kwa mpigo.

Halafu waulize wanawalisha nini. Homoni inafungua mlango tu, kiini cha yai kinatoka kwenye ngisi na minyoo ya baharini, na jike akitageshwa mfululizo bila msosi wa maana mayai yanazidi kuwa hafifu. Kama pale ni peleti tupu, yaani vile vidonge vya chakula cha kiwandani, asubuhi na jioni, lile jicho walilitoa bure.