Kardinali Rugambwa wa Tabora siyo yule wa zamani
Mdogo wangu, uliuliza kama huyu Kardinali Rugambwa wa Tabora ndo yule wa zamani. Hapana, ni watu wawili tofauti. Laurean Rugambwa ndo Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali, 1960, akafariki 1997. Huyu wa Tabora ni Protase, kazaliwa Bukoba mwaka huohuo wa 1960, upadre kapewa na Papa Yohane Paulo II mwenyewe alipokuja Dar 1990, af 2008 akaletwa kwetu Kigoma kuwa askofu, 2012 Roma wakamchukua kwenye mambo ya umisionari mpaka 2023 akarudishwa nchini, safari hii Tabora, na Septemba hiyohiyo akafanywa kardinali. Mama alivyoona ile kofia nyekundu kwenye tivii alipiga vigelegele chai ikamwagika mkekani, kwake yule bado baba askofu wetu wa Kigoma.