Kulehemu au kuchomelea?

Swali: Ninaandika mwongozo wa kifaa nilichokibuni. Kinaunga ncha za nyaya mbili za kupimia joto la tanuri kwa kupitisha umeme mkali kwa muda mfupi sana. Mwongozo nimeuita “Kifaa cha kulehemu ncha za nyaya nyembamba kwa upinzani”. Fundi mmoja amesoma akasema hapo hakuna kulehemu. Je, ni kweli?

Jibu: Fundi yuko sahihi, ingawa kamusi zinaweza kukutetea. Lehemu ni neno la asili ya Kiarabu, na kwa mapana yake ni kuunga madini kwa moto. Karakana, hata hivyo, zimelibana. Fundi redio akikwambia “lehemu hapa”, anataka mchanganyiko wa bati na risasi, ambao huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 200 za Selsiasi huku waya wenyewe ukibaki mzima. Kiungo cha namna hiyo ukikitia tanurini kitaachia. Katika kifaa chako hakuna kitu cha tatu: nyaya zenyewe huyeyuka pale zinapogusana, zikashikana. Huko ni kuchomelea.

Usifupishe ukaandika “choma ncha”. Kuna msomaji atakayewasha kiberiti.

Upinzani nao tuuachie bunge. Katika fizikia tunasema ukinzani, yaani kile kinachozuia umeme usipite kwa urahisi, na ndio unaofanya kazi hapa: mkondo wa umeme ukipita, joto huzuka zaidi pale ukinzani ulipo mkubwa, yaani kwenye mgusano wa nyaya. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya sekunde inatosha. Mmarekani Elihu Thomson alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya uchomeleaji wa namna hii mwaka 1886.

Kuna kasoro ambayo fundi hakuiona, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika “ncha za nyaya nyembamba”, kilicho chembamba ni nini? Ncha nyembamba, nyaya nyembamba: upatanisho ni uleule, na ncha iliyochongwa si sawa na waya usio mnene. Rudi kwenye umoja, sarufi ikusaidie: “ncha za waya mwembamba”. Kiambishi mw- hakiwezi kuishika ncha.

Basi andika: “Kifaa cha kuchomelea ncha za waya mwembamba kwa ukinzani”. Kwamba nyaya ni mbili, lieleze katika sentensi ya kwanza ya mwongozo, pamoja na kipenyo chake.