Gari Linatuma Taarifa, Gereji Iko Tupu: Kasoro Iko Wapi?

Gari lenye modemu yake (kifaa kinachotuma data kwa mtandao wa simu) linasema mengi: kilomita zilizotembewa, uhai wa oili uliobaki, upepo wa matairi, volti za betri, taa zilizowaka kwenye dashibodi na misimbo ya hitilafu. Wakala wa magari analipia mfumo, anapata pa kuyaonea yote hayo, na bado wiki inapita lifti za kuinulia magari gerejini ziko wazi. Data mara nyingi hazina neno. Kinachokosekana ni mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuzigeuza kuwa simu, simu iwe miadi, na miadi iwe karatasi ya kazi yenye spea inayongoja mezani.

Kabla ya kugusa taarifa yoyote, safisha orodha ya wateja. Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na haina kabisa I, O wala Q. Karani wa mapokezi akiiandika kwa mkono, sifuri inageuka O na moja inageuka I, kisha mfumo unashindwa kulioanisha gari na mwenyewe. Iweke programu ikatae namba yenye herufi hizo tatu au isiyotimia 17. Halafu yapo magari yaliyouzwa: simu kwenye faili ni ya mmiliki wa kwanza, gari liko kwa mwingine. Huyo wa kwanza ukimwambia hali ya gari la mtu, umeshatoa siri isiyo yako. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kila simu ni kama gari bado ni lake.

Akaunti ya mteja kwenye mfumo huo ifunguliwe siku ya kukabidhi gari, mwenyewe akiwa ameketi kwenye usukani na simu mkononi. Akiondoka na ahadi ya kuifungua nyumbani, sahau. Ikibidi, malipo ya ziada ya muuzaji yafungwe hadi gari lionekane kwenye mfumo. Hapo utashangaa jinsi akaunti zinavyofunguka. Na gari lililo kimya usilihesabu kuwa ni zima. Mitandao ya 3G ilipozimwa Marekani mwaka 2022, magari mengi ya zamani kidogo yalinyamaza kwa sababu modemu zake hazikuwa na mtandao mwingine wa kushika. Kila mwezi toa orodha ya magari ambayo hayajatuma kitu kwa siku 30, na hayo uyarudishe kwenye utaratibu wa zamani wa kukumbusha kwa tarehe na kilomita.

Sasa taarifa zenyewe. Usizitupe zote kwa mshauri wa huduma kwa mpigo, atazizoea ndani ya siku chache na kuacha kuzisoma. Zigawe kwa uharaka. Taa ya injini inayopepesa maana yake injini inamisi vibaya kiasi cha kuweza kuunguza katalisti, yale masega ya kwenye ekzosi. Hiyo, pamoja na presha ya oili, joto la injini na mafuta ya breki, ni simu ya saa hiyohiyo, na ujumbe ni kusimamisha gari mahali salama na kuzungumzia kulivuta. Angalizo: presha ya oili na uhai wa oili ni vitu viwili tofauti kabisa, na mifumo mingine inavionyesha kwa alama inayofanana. Cha kwanza kinaua injini kwa dakika. Cha pili ni hesabu ya kompyuta inayotokana na mizunguko, joto na aina ya safari, na ukikutana nacho kwenye asilimia 15 bado una muda wa kupanga siku inayomfaa mteja na kujaza siku zako zisizo na watu.

Betri ndiyo inayolipa haraka kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Betri ya kawaida ya gari iliyojaa husoma karibu volti 12.6 ikiwa imetulia, 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imekwisha chaji. Lakini kipimo kilichochukuliwa mara baada ya injini kuzimwa kinadanganya, maana chaji ya juujuu bado haijashuka. Tumia kipimo cha alfajiri, gari likiwa limelala, na usipige simu kwa usomaji mmoja. Asubuhi tatu mfululizo zinazoshuka ndizo ushahidi. Kama mfumo unatuma pia volti za wakati wa kupiga stata, zikianguka chini ya 9.6 una sababu nyingine. Upande wa chaji kuwa mwangalifu: magari mengi ya sasa yanapunguza kazi ya alteneta kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo 12.8 injini ikiwa inaunguruma si lazima iwe alteneta mbovu. Mshauri asiyejua hilo atauza alteneta isiyohitajika, na mteja atakuja kujua.

Simu yenyewe iwe fupi na yenye kitu cha kushika: “Habari za asubuhi, napiga kutoka gereji ya wakala uliponunua gari lako. Gari bado unalo? Asubuhi tatu sasa betri yake inasoma chini ya 12.2. Umeona linachelewa kuwaka?” Kisha nyamaza usikilize. Jibu ni ndiyo mara nyingi, au ni kwamba gari halijatembea wiki nzima, na hapo huenda hakuna betri ya kuuza, kuna kuchaji tu. Usitaje kamwe gari lilikuwa wapi, hata kama unaliona kwenye ramani. Mwaka 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors na OnStar, huduma yake ya kuunganisha magari na mtandao, kuhusu data za mahali na tabia za udereva za wateja. Data za afya ya gari zinakutosha. Kwa hizo nazo hakikisha ridhaa ya mteja imo kwenye faili.

Misimbo ina mitego yake. P0420 inasema katalisti haifanyi kazi ipasavyo, na mshauri mwenye haraka hutaja bei ya katalisti hapohapo kwenye simu. Chanzo kinaweza kuwa ekzosi inayovuja, sensa iliyochoka, au injini iliyomisi kwa muda mrefu. Kwenye simu uza uchunguzi, usiuze kipuri. P0456 ni uvujaji mdogo wa mvuke wa petroli, na mara nyingi ni kifuniko cha tangi kisichokazwa. Mwambie akikaze na kuendesha siku chache. Taa isipozima, aje. Hukupata pesa siku hiyo, lakini simu yako inayofuata ataipokea. Na ukiona misimbo ya U kama saba imejaa kwa mkupuo, kila kompyuta ikilalamika haisikii mwenzake, angalia volti kabla ya kitu kingine. Betri dhaifu moja hufanya gari zima lionekane limeoza.

Miadi ikishapatikana, spea itafutwe kwa namba ya chasisi kabla mteja hajafika. Gari linalojizima kwa makusudi kwenye foleni ili kuokoa mafuta linahitaji betri ya AGM au EFB (aina zilizoimarishwa kuhimili kuwashwa mara kwa mara), kulingana na ile lililotoka nayo kiwandani. Ukiliwekea ya kawaida haitadumu. Baadhi ya magari yanataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, vinginevyo chaji inaendelea kana kwamba ile kuukuu bado ipo. Fundi naye asome misimbo upya na kuandika hali iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea (joto, mizunguko, mwendo) kabla ya kufuta chochote. Akishafuta, picha hiyo imekwenda.

Katika kupima mafanikio, idadi ya ujumbe uliotumwa haina maana. Hesabu taarifa zilizoingia, wateja waliopatikana, miadi, waliofika, na karatasi za kazi zilizolipwa. Tuseme ni 100, 40, 15, 11 na 10. Tobo kubwa liko kwenye simu, si gereji: namba mbovu, au simu inapigwa saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Kupunguza bei ya huduma hakutaziba tobo hilo. Andika pia kila taarifa iliyoleta gari lisilo na kasoro. Aina ikirudia hivyo mara nyingi, ishushe uharaka au iondoe.

Baki na kitu kimoja kidogo kinachoharibu kazi yote: hesabu ya oili isiporudishwa mwanzo baada ya huduma, gari linaendelea kutuma kwamba oili imekwisha muda, na mteja aliyelipa juzi anapigiwa simu aje kumwaga oili. Liwekee mstari wake kwenye karatasi ya kazi, fundi atie sahihi, na mapokezi wahakikishe mfumo unaonyesha asilimia 100 kabla ya kutoa funguo.