Usiruke kurasa za mahali

Dada, umeuliza kama ni vibaya kuruka maelezo ya mitaa na nyumba katika ile riwaya fupi ya mapenzi inayosimulia Nairobi ya 1954, ufike upesi pale wapendanao wanapokutana. Nakusihi, usiruke.

Fikiria mwaka wenyewe. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji kwa msako wa kuwasaka wafuasi wa Mau Mau, waliopigania ardhi na uhuru, iliouita Anvil. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa, wakahojiwa na kuchujwa kambini Langata, na wengi wakaishia vizuizini Manyani na Mackinnon Road. Basi kijana akichelewa miadi mwezi huo, binti hajiulizi kama amepata mwingine. Anajiuliza kama yuko hai. Ukiwa umeruka kurasa za msako, huo moyo unaodunda hutausikia.

Mimi kuna hadithi kama hiyo niliyoisoma kwenye matatu ya Kawangware hadi nikapitishwa kituo changu. Binti anapiga pasi ya makaa shati la mpenziwe, na kila mara anageuka pembeni kupuliza makaa ili jivu lisiangukie kola. Neno nakupenda halimo kabisa. Nililia, dada.

Jaribu hivi: soma kurasa kumi tu kwa siku, na mtaa ukitajwa, Pumwani au Kaloleni, utafute kwenye ramani. Ukipata Jumamosi, pitia Makumbusho ya Reli karibu na stesheni, usimame kando ya yale mabehewa ya zamani, kisha urudi kwenye sura ya wapendanao kuagana.