Pale Jibu Fupi Linaposhinda, na Pale Linapokuangusha

Vijana wengi ninaowasaidia hapa Moshi kujiandaa na mitihani ya SAT na ACT, ambayo vyuo vikuu vingi vya Marekani huitumia kupima waombaji, hunijia kati ya Mei na Julai, wakiwa wamemaliza kidato cha sita na wanasubiri matokeo. Kiingereza chao ni kizuri, lakini wametoka shuleni na mazoea ya kuandika insha ya maneno yasiyopungua 250, na kila aliyewahi kukwama kwenye neno la 180 anajua jinsi jambo moja linavyoweza kusemwa mara mbili ili karatasi ijae.

Katika sehemu ya Kiingereza ya ACT mazoea hayo yanagharimu alama. Chukua mfano huu, ambao nimeutunga kwa Kiswahili ili utaratibu uonekane: “Kahawa ya mlimani huvunwa kila mwaka, mwaka hadi mwaka.” Swali linahusu maneno “kila mwaka, mwaka hadi mwaka”: uyaache yalivyo, au uweke jibu jingine mahali pake. Majibu mengine ni “kila mwaka kwa kurudiwa”, “kila mwaka bila kuruka mwaka wowote”, na “kila mwaka” peke yake. Hakuna lililovunja sarufi, na ndiyo maana mwanafunzi huduwaa, kisha akaniambia, “Mwalimu, hili refu si ndilo lenye maelezo zaidi?” Maneno ni mengi zaidi, ila habari ni ile ile, na watunzi wa mtihani huu huhesabu urudiaji kuwa kosa sawa na kosa la kisarufi. Kanuni hiyo utaitafuta bure katika vitabu vingi vya sarufi tulivyosomea, kwa sababu vitabu hivyo vinashughulika na usahihi wa sentensi, si na uchumi wa maneno.

Hata hivyo, nasisitiza mpangilio: angalia sarufi kwanza, kisha maana, na ufupi uje mwisho kabisa. Anayeanza na ufupi atachagua jibu lililopoteza kitenzi, au lenye kiwakilishi kisichojulikana kinamrejelea nani, kisha atalaumu kanuni. Jibu fupi hushinda pale tu majibu yaliyobaki yote yanapokuwa sahihi na yanaposema jambo lile lile.

SAT ni suala jingine. Tangu mwaka 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya kwa kompyuta, na sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Maswali ya kupima ufupi moja kwa moja, yaliyojaa katika toleo la karatasi, yameondolewa. Ninaona vitabu vya zamani vikirithishwa kutoka kwa kaka hadi mdogo wake, na sina ugomvi navyo kwa zoezi la alama za uandishi, lakini mwenye kuvishika kama msahafu atafika mtihanini akitafuta jibu fupi mahali pasipohitaji. Mbaya zaidi ni yale maswali yanayotoa orodha ya dondoo za mwanafunzi na kutaja lengo, kwa mfano kuonyesha tofauti kati ya tafiti mbili. Hapo jibu sahihi ni linalotimiza lengo lililotajwa, hata likiwa refu kuliko yote, na ufupi hauna kauli.

Katika maswali ya sarufi ya SAT, maelekezo ni yale yale kila mara: chagua jibu linalofuata kanuni za Kiingereza sanifu. Kanuni ipi, hawasemi. Kwa hiyo nawafundisha vijana kusoma majibu manne kabla ya kubishana na sentensi, kwa kuwa tofauti kati ya majibu ndiyo inayofichua kinachoulizwa. Yakitofautiana kwa mkato, nukta na nuktamkato, unaulizwa mipaka ya sentensi. Yakitofautiana kwa umoja na wingi wa kitenzi, tafuta kiima, ambacho mara nyingi kimefichwa nyuma ya kishazi kirefu.

Kutokana na hapo inapatikana kanuni nyingine isiyoandikwa, ninayoipenda kuliko zote: majibu mawili yanayofanya kazi ile ile hufutana. Ikiwa jibu moja lina nukta na jingine lina nuktamkato mahali pale pale, na maneno mengine yote hayajabadilika, yote mawili yatenganisha sentensi mbili kamili kwa namna moja, na kwa kuwa jibu sahihi ni moja tu, hayo yote si sahihi. Ila kuwa mwangalifu na maneno ya kuunganisha yenye maana ya “hata hivyo”: nuktamkato ikihama kutoka kabla ya neno hilo kwenda baada yake, sarufi inabaki salama katika nafasi zote mbili, lakini neno linakuwa limehamia sentensi nyingine. Hapo majibu hayafutani, na itabidi urudi kwenye aya uone ni sentensi ipi inayopinga ile iliyotangulia.

Kuna pia jambo dogo linalowasumbua waliofundishwa Kiingereza cha Uingereza. Nomino ya kundi, kama timu au kamati, katika mitihani hii huchukua kitenzi cha umoja, hata kama sikio lako limezoea wingi.