Ametumwa na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanawake wakiongezwa kwa mazungumzo ya amani na kwa ubalozi, vita vitapungua. Najua wengi watajibu ndio, mama ni mama, mama ana huruma, mama hapendi damu. Mi hiyo siikubali hata kidogo. Kumbukeni 2008 pale hoteli ya Serena, Nairobi, mazungumzo ya kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, wapatanishi Kofi Annan, Graça Machel na Mkapa wamekaa, kila upande umeleta wajumbe wanne na kwa hao wanne mwanamke ni mmoja tu, Martha Karua wa PNU, upande wa Kibaki, na Sally Kosgei wa ODM, upande wa Raila. Nani alimwona Karua akilegeza kamba ati kwa sababu ni mwanamke? Alitetea upande wake mpaka mwisho na simlaumu, ndio kazi aliyotumwa (mwanaume akikaza hivyo tunasema ana msimamo, yeye akaambiwa ni mkali sana). Lakini basi tusidanganyane kwamba kwa vile alikuwa pale, yule mama aliyefukuzwa kwake akawa amelala kambini Jamhuri Park na watoto alikuwa na mtu wake mezani.

Kwa hivyo mi huuliza tu, huyu ametumwa na nani.

Chukua Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Koo za Wasomali zilikuwa zinapigana huko miaka ya 1992 na 1993, ikafika mahali hata sokoni mama wa ukoo huu hauziani na wa ukoo ule. Wanawake wachache, kati yao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, wakaanzia hapo hapo sokoni, wakaweka kamati ya kuangalia kwamba mama yeyote anaweza kuja kununua na kuuza bila kuguswa. Hawakungoja kualikwa na mtu. Soko likitulia ndio wakaenda kwa wazee, na mwaka huo huo wa 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah, la amani kati ya koo. Sahihi ni za wazee, sawa, lakini mzee gani angekubali kukaa chini kama nyumbani kwake kila siku anaambiwa sokoni tumeshaelewana, nyinyi bado mnapigania nini?

Na Wasomali wenzao ng'ambo ya mpaka, wa Somalia, walifanya kali zaidi. Mkutano wa amani ya Somalia pale Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti viligawanywa kwa makundi matano ya koo, na mwanamke aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa mwingine kila upande unamwona ni wa wale wengine. Asha Haji Elmi na wenzake wakasema basi, sisi ni ukoo wa sita, ukoo wa wanawake, tupeni viti vyetu. Wakapewa! Na 2004 hapa hapa Nairobi akaweka sahihi yake kwa makubaliano ya Wasomali. Huyo hakubebwa na chama wala mjomba.

Karatasi hatukosi, azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la kushirikisha wanawake kwa mambo ya amani, lilipita Oktoba 2000 na Kenya ikazindua mpango wake wa kwanza wa kulitekeleza 2016, lakini karatasi hazikuwahi kumletea mtu kiti mtaani kwetu. Huku Eastleigh, Nairobi, wanaojua kijana gani ameanza kutembea na watu wabaya ni akina mama wa vibanda, tunaona kila kitu, lakini mkutano wa Nyumba Kumi, wa majirani kuhusu usalama wa mtaa, unaitwa saa kumi na moja jioni wakati wateja ndio wanatoka kazini, halafu wanaandika kwa ripoti ati wanawake hawakujitokeza. Tulichofanya tumechagua mmoja wetu anaenda, jirani anabaki kibandani akimuuzia mboga zake, na akirudi anatueleza nani alisema nini na yeye alijibu nini. Asipoeleza vizuri, mkutano ujao anaenda mwingine.