Cha kununua katika maduka ya modeli ugenini

Umeuliza kama inafaa kutenga muda wa safari kwa ajili ya maduka ya modeli, yaani vifani vidogo vya plastiki vya ndege na vyombo vingine vinavyouzwa kama seti za vipande vya kuunganisha, na ununue nini. Inafaa sana, ila usijaze begi kwa seti unazoweza kuagiza ukiwa nyumbani. Tafuta za viwanda vidogo, karatasi za alama za kubandika, na matoleo ya zamani yasiyotengenezwa tena.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kufungua sanduku ukague vipande, hasa vile vyembamba na vile angavu vya kioo cha rubani, kwani kwenye modeli ya 1/72 (urefu wake ni sehemu moja ya 72 ya ndege halisi) mkwaruzo mdogo huonekana waziwazi. Rangi za kupuliza na gundi ya kuyeyusha plastiki ziache hukohuko: hushika moto, hivyo haziruhusiwi ndegeni, hata kwenye mizigo.